Kaosi haina dadu ndani yake

Nimeambiwa tena, safari hii na mwalimu mwenzangu wa fizikia hapa Tanga, kwamba nadharia ya kaosi, ile ya mifumo ambayo kosa dogo la mwanzo hukua upesi, imethibitisha hakuna kinachotabirika duniani. Jamani! Jedwali la kupwa na kujaa kwa maji huchapishwa mwaka mzima kabla, na mvuvi wa mwalo wa Deep Sea anajua bamvua, maji yanapojaa sana, itaangukia lini bila kumuuliza mtu. Utabiri wa mvua ya siku fulani, ukivuka wiki mbili hivi, hauna maana tena. Maji na hewa vinatii sheria zilezile za Newton. Kinachotofautiana ni kasi ya kosa kukua.

Fungua kikokotoo cha simu. Anza na 0.2. Toa namba hiyo kwenye 1, jibu lizidishe kwa namba yenyewe, kisha kwa 4. Unapata 0.64. Rudia na jibu hilo: 0.9216, halafu 0.289. Sasa anza upya na 0.201. Hatua tatu za mwanzo namba zinafuatana vizuri tu. Hatua ya nane, ya kwanza iko 0.402, ya pili 0.129. Nani karusha dadu hapo? Anza na 0.2 ileile mara elfu, utaishia 0.402 ileile mara elfu.

Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa, aliyaona hayo kwenye chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1961: alirudia hesabu ya hali ya hewa kwa kuingiza 0.506 badala ya 0.506127, na hewa ya kwenye kompyuta yake ikashika njia nyingine kabisa. Mwanahisabati Mfaransa Poincaré alishalinusa jambo hili karne ya 19, kwenye magimba matatu ya angani yanayovutana.

Na kipepeo, yule anayesemwa kuleta dhoruba kwa kupiga bawa, aachwe apumzike. Kichwa cha mhadhara wa Lorenz wa 1972 kumhusu kilikuwa swali, si dai. Nguvu ya dhoruba hutoka kwenye joto na unyevu, haitoki kwenye bawa.

Linalonisumbua mimi ni lile ambalo vitabu vingi hulipita kimya. Kompyuta nayo hukata desimali kila hatua. Basi mchoro maarufu wa Lorenz, ule wa mabawa mawili ambao kompyuta huuchora kutoka milinganyo yake, tuuaminije? Karibu miaka 40 tuliuamini kwa macho, mpaka mwanahisabati Warwick Tucker alipoleta uthibitisho kamili kwamba umbo hilo lipo kweli, uliochapishwa 2002. Nao unahusu milinganyo mitatu tu, iliyopunguzwa mno. Kwa anga halisi, lenye mawingu na pepo za kusi na kaskazi, uthibitisho wa namna hiyo hatuna.