Je, wajua damu ya watu wenye afya ilivyofichua kuenea kwa korona?

Katikati ya Juni 2020, miezi mitatu baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Kenya, hesabu rasmi ya walioambukizwa haikuwa imefika 4,000. Wengi tulikaa kando ya redio kila alasiri kungoja idadi ya siku hiyo. Lakini hesabu ile ilikuwa ya waliopimwa tu. Kijiti kinachoingizwa puani hutafuta virusi vyenyewe, navyo mara nyingi hutoweka puani baada ya wiki chache. Mwendesha bodaboda wa Kondele aliyekohoa siku mbili akapona, au ambaye hakukohoa kabisa, angehesabiwa na nani?

Damu yake inakumbuka. Virusi vinapoingia, mwili hutengeneza kingamwili, protini zinazovitambua na kuving'ang'ania. Zile zinazodumu huanza kuonekana wiki mbili hivi baada ya maambukizi na hukaa kwa miezi. Ukizikuta, unajua virusi vilishapita hapo, hata kama mwenye damu hakuwahi kulala kitandani.

Sasa, damu ya watu wengi wasioumwa utaipata wapi wakati kuna kafyu na watu wanaogopa kubishiwa hodi? Ipo tayari kwenye vituo vya damu. Kila anayechangia hutolewa pia sampuli ndogo, ipimwe Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Masalio ya sampuli hiyo yanatosha kutafutia kingamwili. Kwangu mimi, huu ni mmoja kati ya uamuzi wa busara zaidi uliofanywa mwaka ule, kwa sababu haukumwongezea mtu yeyote mchomo wa sindano.

Watafiti wa KEMRI-Wellcome, mpango wa utafiti wa afya ulioko Kilifi, walichukua sampuli zilizokusanywa kati ya 30 Aprili na 16 Juni 2020 katika vituo vya kanda vya Mombasa, Nairobi, Eldoret na Kisumu. Walichambua 3,098. Kati ya hizo, 174 zilikuwa na kingamwili, yaani asilimia 5.6.

Hawakuitangaza asilimia hiyo na kuondoka, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Hakuna kipimo kisichokosea. Tuseme katika watu 1,000 walioambukizwa kweli ni 40, na kipimo humpa jibu la uongo mtu mmoja katika kila 100 ambao hawajawahi kuambukizwa. Kosa hilo linaonekana dogo. Lakini wasioambukizwa ni 960, kwa hiyo karibu watu kumi wataambiwa wana kingamwili ilhali hawana. Ugonjwa ukiwa bado haujaenea sana, majibu ya uongo yanaweza kuwa moja katika kila matano. Watafiti walikijaribu kipimo chao kwa damu ya watu wa Pwani iliyohifadhiwa tangu kabla ya janga, damu ambayo haikuwezekana iwe imekutana na korona, wakajua kinakosea kiasi gani.

Kulikuwa na jambo lingine la kurekebisha. Wachangiaji damu si picha kamili ya nchi. Wengi wao ni wanaume, watoto na wazee hawamo, na mwenye homa siku hiyo hurudishwa nyumbani. Shule nazo zilikuwa zimefungwa, ilhali wanafunzi wa sekondari wamekuwa tegemeo la benki za damu kwa miaka mingi. Hivyo matokeo yalikokotolewa upya kulingana na umri, jinsia na eneo. Jibu likawa asilimia 4.3, takriban mtu mmoja katika kila 20. Mombasa ilikuwa na asilimia 8.0, Nairobi 7.3 na Kisumu 5.5.

Hispania ilipata takriban asilimia 5 katika uchunguzi wake wa Aprili na Mei mwaka huo, na tayari ilikuwa imezika zaidi ya watu 25,000. Kenya ilikuwa imeandikisha vifo takriban 100. Vijana ni wengi zaidi kwetu, na si kila kifo huandikwa. Hata hivyo, bila ile damu tusingejua kwamba kulikuwa na pengo la kuelezwa.

Kazi iliendelea. Kufikia Januari hadi Machi 2021, baada ya marekebisho kama hayo, makadirio ya wenye kingamwili yalifikia karibu nusu, asilimia 48.5.

Machi hiyo hiyo chanjo zikaanza kutolewa, na swali likabadilika. Chanjo ya AstraZeneca hufundisha mwili kutambua protini ya miiba iliyo juu ya kirusi, ile ile iliyokuwa ikitafutiwa kingamwili zake. Ili kumtenganisha aliyechanjwa na aliyeambukizwa, maabara hulazimika kutafuta kingamwili za protini nyingine iliyo ndani ya kirusi, ambayo chanjo hiyo haina.