Kijani-kijivu ukutani: mnayoambiwa na yaliyo kweli

"Chumba kinachotazama kaskazini kina ubaridi, kipakwe rangi yenye joto." Jamani, hapana. Hiyo ni kanuni ya Uingereza na Marekani bara, ambako jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta: kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la saa sita liko kaskazini, kisha linahamia kusini. Kinachobadili rangi hapa ni mashariki au magharibi, upana wa baraza, mwembe ulio dirishani, na taa.

Chukua Sea Salt na Comfort Gray, rangi mbili za kijani-kijivu za kampuni ya Marekani ya Sherwin-Williams, ambazo picha zake huletwa dukani kila mara kwenye simu. Ni majirani, namba 6204 na 6205. Ya kwanza hurudisha mwanga kwa kiwango cha 63 kati ya 100, ya pili 54. Sebule yenye dirisha kubwa wazi itaimeza Sea Salt. Utaona nyeupe iliyochoka tu. Hapo weka Comfort Gray. Lakini nyuma ya baraza refu, Comfort Gray hugeuka plasta isiyopakwa. Usiku, taa nyeupe za 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, kikipanda mwanga unakuwa wa bluu zaidi) huzivuta zote kwenye bluu. Za 3000K, zenye mwanga wa manjano, huzirudishia ukijani.

Basi usichague kwa simu. Piga mikono miwili (yaani tabaka mbili za rangi) kwenye jipsamu bodi ya sentimita 60 kwa 60, acha ukingo mweupe, ikauke. Isimamishe kila ukuta saa mbili asubuhi, saa saba, saa kumi na moja jioni, halafu uwashe taa. Usijaribie juu ya rangi ya krimu ya zamani: kijivu chochote kitaonekana bluu.

"Fundi ataongeza nyeusi kidogo." Ndoo ya pili haitafanana na ya kwanza. Ichanganywe kwa mashine, ununue yote mara moja (lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, ukuta ukiwa laini), na ndoo zote zimiminwe pamoja kwenye pipa kabla rola haijaguswa.

"Kijivu huficha unyevu." Hakifichi. Ziba panapovuja, plasta mpya isubiri wiki nne.

"Inayong'aa ndiyo nzuri." Inaonyesha kila wimbi la skimu, ile tabaka nyembamba ya kulainisha ukuta. Silki, yaani rangi yenye mng'ao kidogo, iende jikoni na kwenye ngazi, sebuleni pakwe isiyong'aa. Na dari, tafadhali, ibaki nyeupe.