Kupanda majabali ya bahari Railay: kaskazi, boliti na bamvu

Hapa Malindi tuna jiwe jingi lakini si la kupanda. La ufukweni ni tumbawe la kale, linakata kama wembe na kumeguka mkononi. Kuta za Nyari kule Marafa zinapendeza kwa macho tu, maana ni udongo na mchanga ulioshikamana, na kila msimu wa mvua zinapukutika. Ndiyo maana wapandaji wa pwani hujifunzia Hell's Gate au Lukenya, kisha wakatamani jabali na bahari mahali pamoja. Wengi huishia kuulizia Railay na Tonsai, katika jimbo la Krabi, kusini mwa Thailand. Nawaandikia hao.

Tarehe zenyewe mtu wa pwani anazijua tayari. Kaskazi inayovuma kwetu kuanzia Desemba mpaka Machi ni ya mfumo uleule wa pepo unaoiacha pwani ya Krabi kavu na bahari yake tulivu. Kusi ikishika, kule inaingia na mvua nzito inayopiga moja kwa moja kuta zinazotazama magharibi. Mvua hiyo huanza Mei na kuendelea hadi Oktoba. Mimi nashauri Februari: jabali limeshakauka, na msongamano wa Krismasi na mwaka mpya umepungua. Jabali la chokaa lina tabia ya kuvuja siku kadhaa baada ya mvua kukatika, kwa hiyo ukienda Novemba mapema utakuta stalaktiti, yaani mawe yanayoning'inia kama vidole, zinadondosha maji chini ya jua kali.

Sasa chuma, na hapa naomba usome polepole. Boliti ni chuma kinachokazwa ndani ya jabali ili kamba ya mpandaji ishikizwe hapo. Ya stenlesi inayodumu miaka mingi Hell's Gate inaweza kukatika Railay baada ya miaka michache tu. Upepo wa bahari hupaka ukuta chumvi, maji yanakauka, kloridi inabaki na kuzidi kukolea juu ya chuma. Boliti yenyewe imekazwa, kwa hiyo muda wote iko katika mvutano. Kloridi, joto na mvutano vikikutana, stenlesi hupasuka kwa nyufa nyembamba zinazoingia ndani bila kuila juu. Fundi wa majahazi Lamu huuona msumari wa chuma unaokufa, kwa sababu unavimba na kutoa kutu. Stenlesi haimpi mtu onyo hilo. Inaweza kung'aa vizuri, pengine na vidoa vidogo vya hudhurungi, kisha ikakatika kwa uzito wa mtu aliyekaa tu kwenye kamba.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Mtu akiona boliti iko chini ya paa la jabali, mvua haiifikii, anadhani hiyo ndiyo salama zaidi. Ni kinyume. Mvua huosha chumvi. Pale isipofika, chumvi hujilimbikiza mwaka baada ya mwaka, na njia za kupanda zilizo nzuri kuliko zote Tonsai ziko chini ya mapaa hayo.

Dawa iliyopatikana ni boliti za titani zinazogandishwa kwa gundi ndani ya tundu, na wapandaji wa kule wamekuwa wakibadilisha njia moja baada ya nyingine. Titani ina rangi ya kijivu iliyofifia, na boliti yake huwa kipande kimoja chenye kitanzi, bila nati wala bamba la pembeni. Ukiona nati na bamba linalong'aa, hiyo si titani, rudi chini. Lakini umbo peke yake halitoshi, kwa sababu boliti ya gundi inaweza kuwa ya stenlesi pia. Kabla hujafunga kamba, pita kwenye maduka ya wapandaji palepale Railay au Tonsai, taja njia unayotaka, uliza imebadilishwa lini na kwa chuma gani. Kila siku, kila njia. Kijitabu cha mwaka juzi hakijui boliti ya leo.

Kule juu usikubali kuteremshwa kwa boliti moja, hata ikiwa mpya. Utakuta pia tepe za nailoni za kushikizia kamba, zilizopitishwa kwenye matundu ya jabali. Jua la tropiki huziua upesi. Tepe iliyopauka na kuwa kavu kama ukili wa zamani ihesabu kuwa haipo, na ugeuze upande wa nyuma kabla ya kuamini ile inayoonekana mpya, maana huko ndiko jiwe linakosaga. Beba tepe mbili za sentimita 120 na karabina (pete za chuma zenye mlango) mbili ulizokwisha kuziaga, za kuacha mwambani ukilazimika kushuka katikati ya njia.

Kamba iwe ya mita 70, milimita 9.5 hadi 9.8. Ya mita 60 inatosha njia nyingi, lakini tatizo huja kwenye ile moja isiyotosha: mpandaji anateremshwa, ncha inapita kwenye kifaa cha mshika kamba, na aliye juu anaanguka. Funga fundo kwenye ncha hiyo hata kama njia ni ya mita 15. Karabina pacha 16, yaani mbili mbili zilizounganishwa kwa tepe fupi za kupitishia kamba kwenye boliti, zinatosha. Kamba hiyo ina kilo nne na ushei, pacha zote kama kilo moja na nusu, kwa hiyo mzigo wa ndege haukushindi. Viatu na mshipi viweke kwenye begi la mkononi, kwa sababu kamba utaazima, viatu vinavyokukaa hutaviazima.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya, na kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Usiichome wiki ya safari.

Railay haifikiki kwa barabara. Mashua ndefu za Ao Nang zinakufikisha kwa takriban robo saa, ila maji yakipwa haziwezi kusogea, na utatembea mbali kwenye matope ukiwa na mzigo kichwani, hasa upande wa mashariki. Maji kule hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama kwetu, na bamvu huja mwezi mpya na mwezi mpevu. Kati ya Railay Magharibi na Tonsai unaweza kupita ufukweni maji yakiwa yamepwa, yakijaa utazunguka kwa njia ya msituni. Anayetaka kupanda bila kamba juu ya bahari apange siku za bamvu, saa ya maji kujaa, na apige mbizi kwanza kupima kina. Maji mafu hayampi kina hicho.

Kivuli nacho kina saa zake. Kuta zinazotazama magharibi zipande asubuhi, ukifika saa sita ondoka. Zinazotazama mashariki ziachie alasiri. Juani vidole vinateleza kwa jasho hata ukijipaka poda ya magnesiamu kiasi gani. Poda ya majimaji hushika vizuri zaidi kwenye unyevu.

Ukirudi Malindi usivitundike vifaa na chumvi yake. Loweka karabina katika maji baridi yasiyo na chumvi, fungua na ufunge kila mlango mara kadhaa mpaka ucheze kwa ulaini, zikaushe, kisha tia nta kavu kwenye bawaba, si mafuta, kwa sababu mafuta hushika mchanga. Kamba ioshe kwa sabuni laini na maji yasiyozidi nyuzi 30, uianike kivulini, na wakati ikipita mkononi ikague kwa vidole, futi kwa futi. Mahali inapolegea na kujikunja bapa, kiini kimeumia, ikate hapo.