Baba anapika bukari

Katika shule moja ya msingi huku Katuba, mjini Lubumbashi, Kongo, mwalimu wa darasa la kwanza alimuuliza mtoto mgeni: «Baba yako anafanya kazi gani?» Mtoto akajibu bila wasiwasi: «Baba iko nyumbani, anapika bukari», yaani ugali. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka. Kesho yake mtoto hakufungua kinywa, kesho kutwa vilevile. Wiki ya pili mwalimu akaandika daftarini kwamba mtoto ni mkaidi, na hatarudi darasani mpaka aje na baba yake.

Akaja na mama yake.

«Si nilisema baba?» mwalimu akauliza. Mtoto akamshika mama kitenge, akasema: «Ni huyu.»

Wenye asili ya Kasai mmeshacheka. Mtoto yule alikuwa ametoka Mwene-Ditu kwa treni majuma machache tu kabla ya hapo. Katika Chiluba, lugha ya Waluba wa Kasai, mama mzazi ndiye huitwa baba, na baba mzazi huitwa tatu. Mtoto alikuwa amesema kweli tupu tangu siku ya kwanza. Aliyelifumbua jambo hilo ni mama mmoja muuza mikate wa avenyu ileile, aliyelelewa Mbujimayi. Direkta, yaani mwalimu mkuu, hakuwa na habari, mimi niliyeitwa kama fundi wa upatanishi sikuwa na habari, na hata shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa) alijua jambo moja tu: nani wa kwenda kumwita. Kujua nani wa kuitwa ndiyo kazi ninayojaribu kuwafundisha viongozi wa mitaa kwa miaka sasa.

Watu wakisikia «maelewano kati ya tamaduni» wanafikiria ngoma, mavazi na siku ya sherehe yenye vyakula vya kila kabila. Vyakula ni vizuri, nami hula. Lakini ugomvi wa shuleni hauzaliwi na ngoma. Huzaliwa na neno dogo ambalo kila mmoja ana hakika analielewa, na kadiri neno linavyofanana ndivyo linavyoudhi. Mgeni akisema neno usilolijua, utamuuliza maana. Akisema «baba» hutauliza.

Lubumbashi imejaa maneno ya namna hiyo kwa sababu ya jinsi mji ulivyojengwa. Mji ulianza mwaka 1910, na reli kutoka kusini ikafika mwaka huohuo. Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, ilitafuta wafanyakazi Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Kasai, Rwanda na Burundi, na kuanzia miaka ya 1920 ikataka waje na wake zao, wakae kambini kwa mikataba mirefu. Kiswahili chetu kililelewa kambini na sokoni, juu ya Kibemba, Kiluba, Chiluba na Kifaransa. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa katika komuni (manispaa) za Kenya au Kamalondo hapa mjini akifungua kitabu cha Kiswahili darasani anakuta «watoto» yeye akisema «batoto», anakuta «ugali» yeye akila bukari. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inataka lugha za taifa zitumike kufundishia, nami naiunga mkono. Ila shefu anayedhani mgeni darasani ni mtoto wa Kasai peke yake hajafungua kitabu hicho. Mtoto wa Lubumbashi naye ni mgeni humo, tofauti ni kwamba yeye hachekwi.

Kuna mfano mwingine ambao huwa nauchukua kwenye mafunzo, na viongozi wengi wanaukataa mwanzoni. Shule inamwita baba wa mtoto, anakuja mwanamume, anakaa, anasikiliza yote, halafu direkta anagundua kwamba ni ndugu wa mama. Direkta anaona amedharauliwa. Lakini kwa Wabemba na Walamba, ukoo unafuata upande wa mama, na yama, yaani mjomba, ana neno zito juu ya watoto wa dada yake. Mjini mambo yamelegea, ndiyo. Wapo akina baba wanaolipa kila kitu na hawataki kumsikia yama hata kidogo. Hata hivyo, jambo likiwa kubwa (mtoto kufukuzwa, binti kupata mimba, kuchagua shule ya sekondari) yama anarudi, na familia ile imemtuma kwa heshima zote. Kumwambia «wewe si mzazi» ni kumtukana pamoja na aliyemtuma.

Sasa, nani aitwe kusuluhisha? Hapa nilikosea vibaya zamani, bora niseme mwenyewe. Katika shule moja wazazi walikuwa wanarushiana maneno kuhusu nafasi za darasa la sita. Nikafikiri kwa akili za semina: nikaalika wakubwa wa vyama vya makabila, kila upande mtu wake. Walikuja wamevaa suti, kila mmoja na karatasi yake. Ndani ya nusu saa nafasi za darasa la sita zilisahauliwa, tukawa tunajadili nani alifika Katanga kwanza. Mzazi aliyekuja kuuliza habari za binti yake alijikuta ni askari wa jeshi ambalo hakujiandikisha.

Ningepaswa kujua. Katika mji huu vyama hivyo vina historia ndefu. Wagombea wenye asili ya Kasai walifanya vizuri katika uchaguzi wa komuni wa Desemba 1957, na mwaka uliofuata ikaundwa Conakat, shirikisho la vyama vya makabila yaliyojiita wenyeji halisi. Na miaka ya 1992 na 1993 kila mtu wa umri wangu anaikumbuka: familia za Kasai zilizofukuzwa Katanga zimelala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi na magodoro yao, wakingoja treni, miongoni mwao walimu waliokuwa wametufundisha kusoma. Ukimwita mtu kwa jina la kabila lake katika ugomvi wa shule, unaita na stesheni ile.

Tangu siku ile naita kwa avenyu. Shefu wa avenyu, mama anayeshika likelemba (mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu), mchungaji ambaye kanisa lake lina watu mchanganyiko, mwenye duka la kukopesha unga. Watu hao wanajua nani anadaiwa, nani amefiwa, nani amefika jana na treni. Hawasemi kwa niaba ya mtu yeyote, na hiyo ndiyo nguvu yao. Najua wenzangu wengine wa kazi hii hawakubaliani nami, wanasema wakubwa wa makabila wasipoitwa watakasirika. Wakikasirika, tuwatembelee nyumbani, tunywe nao chai. Kwenye benchi la direkta wasikae.

Jambo la mkalimani nalisema kwa ufupi kwa sababu halina mjadala: mtoto asimtafsirie mzazi wake mbele ya mwalimu. Atapunguza, atageuza, na hata akitafsiri vizuri, mama yake atatoka ofisini akiwa mdogo kuliko mwanawe. Mwiteni muuza mikate.

Na pesa je? Nasikia mnauliza. Tangu walimu walipoachwa bila mishahara ya maana mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi walibeba primu ya mwalimu (nyongeza ya mshahara), na kamati ya wazazi ilikuwa na nguvu kwa sababu ilisimamia pesa hiyo. Mwaka 2019 serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi ya bure, neno lenyewe likaleta fujo. Katika Kiswahili «bure» ni bila malipo, na pia ni kazi bure, kitu kisicho na faida. Nimemsikia mzee mmoja wa Ruashi akisema kikaoni: «Masomo ya bure ni bure.» Nusu ya watu walisikia lalamiko juu ya madarasa yaliyofurika, nusu wakasikia tusi kwa walimu, na mwalimu mmoja akatoka nje. Shefu wake, mwanamke mtulivu sana, alimwambia mzee kwa jina la heshima la babu au bibi: «Nkambo, bure ipi?» Maneno matatu tu. Mzee akafafanua, wakamfuata mwalimu uani, kikao kikaendelea.

Turudi Katuba. Direkta aliomba radhi kwa mama, mwalimu akajifunza kusema «tatu», na mtoto, nilivyoambiwa, sasa anaongea hadi anaambiwa anyamaze. Karatasi ya kuita wazazi nayo imebadilishwa. Haisemi tena «leta baba», inasema «njoo na mtu mzima anayekulea». Mara ya kwanza ilipotumwa, kwa mtoto mwingine kabisa, walikuja mama, yama na nkambo wa kike, wote watatu, na ofisi ina benchi la watu wawili. Direkta alisimama.