Kutengeneza upya ka dushi kadogo ka apartema Bukavu: vile batu banaamini na vile iko kweli

Hapa Bukavu mutu akiwa na apartema ku etaji, iwe Nguba, Muhumba ama Nyawera, siku anasema anatengeneza upya dushi yake anaanzaka na karo. Anaenda kwa muuzaji, anachagua rangi, analipa, analeta nyumbani, kisha njo anatafuta fundi. Na fundi naye anakubali tu juu kazi ni kazi. Mi naona makosa yote inaanzia hapo, juu karo njo kitu ya mwisho mu dushi, lakini batu banaitegemea ifanye kazi haiwezi kufanya, utasikia kila mutu anasema "karo inazuia maji".

Haizuii. Karo yenyewe ndiyo, ile ya nguvu ya gre serame inakunywa maji kidogo sana, lakini katikati ya karo na karo kuko simenti, na simenti inapitisha maji polepole kila mukioga. Yale maji inashuka chini ya karo, inafika ku dale, ile beto ya chini, inatafuta njia, na njia yenyewe ni plafo ya jirani wa chini. Kitu inazuia maji ni etansheite, ile dawa nzito ya kupaka na brosi mbele ya kuweka karo. Unapaka mara mbili, ya kwanza ikauke njo upake ya pili, na mu pembe zote, pale ukuta inakutana na chini, unatia ile bande ya kitambaa ndani ya dawa. Pale pa kuogea ipande ku ukuta mpaka mita 2, pahali pengine pa dushi sentimita 10 ao 20 toka chini inatosha. Halafu mbele ya karo hata moja kuwekwa, ziba shimo ya maji, jaza sentimita 2 ao 3, weka alama ku ukuta, acha masaa 24, kesho uangalie alama na ushuke uangalie plafo ya jirani. Mafundi hawapendaki hii test juu inakula siku nzima bila kazi. Uing'ang'anie tu, ni heri ulipe ile siku. Tena siye tuko Bukavu, udongo ya hii milima inatembeaka, na tetemeko ya tarehe 3 mwezi wa 2, 2008 batu bado banaikumbuka, mu pembe njo nyufa zinaanziaka, donk ile bande haiko ya urembo.

Jambo ya pili naisikiaka sana: "choo tutaisogeza tu pale ku dirisha, ni ka mita mbili." Hapa ikamata kalamu na ufanye hesabu kidogo. Tiyo ya choo ni ya milimita 100 ao 110, na inapashwa ishuke karibu sentimita 2 kwa kila mita, bila hivyo maji inaenda na uchafu unabaki. Mita mbili ni sentimita 4. Ongeza unene wa tiyo, ongeza simenti ya kuifunika, ongeza karo, unajikuta na ngazi ya kama sentimita 18 ndani ya dushi, na usiku mama muzee wa nyumba atafika pale nusu usingizi. Njia ingine ni kutoboa dale na tiyo ipite mu plafo ya jirani, na hapo hauko tena mu dushi yako. Dale, na ile tiyo kubwa inashuka toka etaji ya juu mpaka chini, ni kitu ya nyumba yote, hata kama apartema ulinunua na makaratasi yote iko mukononi. Acha choo pale iko, sogeza lavabo, yenyewe tiyo yake ni nyembamba na inajificha mu ukuta bila shida. Na nguzo za beto usiguse hata fundi akikuambia anajua!

"Dushi kadogo kanaomba karo ndogo." Kinyume. Karo ndogo zinaleta mistari mingi, macho yanachoka na chumba kinaonekana kadogo zaidi, tena kila mustari ni kitu ya kusugua. Ku ukuta weka kubwa, 30 kwa 60 iko sawa kabisa. Pahali moja tu ndogo zinashinda, ni chini pale pa kuogea, juu pale chini panainama kuelekea shimo pande zote na karo kubwa haiwezi kufuata bila kukatwa vipande, tena ile mistari mingi inasaidia muguu usiteleze. Kuhusu hesabu: dushi ya mita 1,5 kwa 2 iko na mita karé 3 chini, ukuta ukipandisha karo mpaka mita 2 ni 14, ondoa mulango unabaki na 12 na kitu. Jumla ni kama 15 na nusu, ongeza 10 kwa mia ya zile zitakatwa na kuvunjika, nunua 17. Zote siku moja, na usome namba ya lot (ile ya karo zilitengenezwa mara moja) ku kila karito, juu karo ya jina moja na rangi moja ya lot ingine inaweza kuwa na rangi tofauti kidogo, na utaiona paka kisha imeshagandama.

Sasa zile picha batu banaonyesha fundi mu telefone. Zote nzuri. Hakuna hata bido moja ndani! Huku siye maji ya REGIDESO inakuja ikitaka, kwa hiyo dushi bila plasi ya futi ama mabido matatu ni dushi ya picha. Panga hiyo plasi kwanza, kisha njo lavabo ya fasho. Futi ya litre 150 ikijaa inapita kilo 150, iwekwe pembeni karibu na ukuta, na itiwe robine chini ili usiwe unainama na kopo.

Umeme nayo. "Boila ndogo ile ya papo hapo inakula kidogo juu haina tanki." Ku nguvu inavuta wakati mumoja, siyo kweli. Ile inapashwa ichemshe maji wakati inapita, njo maana inavuta nguvu yote mara moja: ya wati 5500 ku volti 220 ni ampere 25, inaomba kable yake peke yake ya milimita karé 4, siyo ile ya 2,5 ya prizi inapita mu nyumba. Na umeme wa SNEL ukiwa dhaifu jioni unapata maji ya vuguvugu. Mi ningechukua tanki ya litre 50, ya wati 1500, kwa saa moja na nusu hivi maji inakuwa moto, kisha delestaji (kukatwa umeme) inakukuta unaoga bila hasira. Mambo mawili tu: ikijaa inakaribia kilo 70, ukuta wa bloke tupu haubebi na vis ndogo, na usiwashe kama tanki haijajaa, resistansi inaungua. Waya ya udongo na disjontere diferensieli ya miliampere 30, ile inakata yenyewe umeme ukivuja, ni lazima, na prizi ikae mbali na pa kuogea, kuanzia sentimita 60.

Harufu: batu banamwaga javeli kila asubuhi. Mara nyingi haiko uchafu, ni sifo, ile kona ya tiyo inabakisha maji, imekauka ama fundi hakuiweka kabisa. Yale maji ya sentimita 5 mu sifo njo inafunga harufu ya foso. Mwaga kopo ya maji kwanza. Na javeli usiichanganye na asidi ya kusafishia choo hata siku moja, inatoa gazi ya sumu, na mu ka chumba kadogo haina pa kwenda.

Mulango ufungukie inje. Unapata plasi, na mutu akianguka ndani munaweza kumufikia.

"Siku tatu imekwisha, mama." Ile simenti mupya ya kuinamisha chini peke yake inaomba kama wiki moja kwa kila sentimita mbele ya kupakwa dawa, labda ununue ya kukauka haraka. Kisha etansheite, kisha test, kisha karo, kisha siku moja ya gundi mbele ya kujaza mistari. Kama dushi ni moja tu mu nyumba, ongea mapema na mama jirani mukaoge kwake. Na yule wa chini, umuone mbele fundi hajagonga nyundo ya kwanza, mupige picha ya plafo yake mukiwa wote wawili, juu kisha kila doa ya zamani itakuwa ya kwako.