Bei umeshinda, kazi je? Dhana potofu kuhusu kuwapa wengine kazi za kampuni

Siku ya kusaini mkataba kila mtu hucheka. Watu wa manunuzi wanacheka kwa kuwa wamemkamua mtoa huduma hadi tone la mwisho. Mtoa huduma naye anacheka, maana ameshapiga hesabu pesa hizo atazirudisha wapi.

Dhana: "Faida yake inatoka mfukoni mwangu, kwa hiyo nimbane."

Hii ndiyo mama wa nyingine zote. Kampuni iliyochukua kazi kwa bei ya hasara haitaifanya kwa hasara. Yule mtaalamu mzoefu uliyeonyeshwa wakati wa zabuni atahamishiwa kwa mteja anayelipa vizuri, na wewe utaletewa anayejifunzia kazi kwenye mafaili yako. Kila jambo ambalo halikutajwa kwenye mkataba neno kwa neno litaitwa kazi ya ziada na kuja na ankara yake. Mwaka wa pili ukijumlisha hizo nyongeza, usishangae kukuta yule mzabuni uliyemkataa kwa kuwa ghali angekuwa nafuu.

Namna ya kulipa nayo ina mtego. Tuseme umeipa kampuni nyingine kazi ya kupokea simu za wateja, na unailipa kwa kila simu. Baada ya miezi miwili msimamizi wao anagundua kuwa nusu ya wanaopiga wanauliza jambo lilelile: kuna fomu yako moja haieleweki. Akikwambia nawe ukairekebisha, mapato yake yanakatika nusu. Atakwambia ili iweje? Lakini mkataba ukisema akiba itakayopatikana mnagawana, na kwamba gharama halisi zinawekwa mezani pande zote zione, ataileta habari hiyo siku hiyohiyo, pengine na fomu mpya aliyoichora mwenyewe.

Dhana: "Mkataba mnene hauna mwanya."

Oliver Hart, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2016 pamoja na Bengt Holmström, alijenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya jambo ambalo kila fundi analijua: hakuna mkataba unaoweza kutaja kila litakalotokea. Kwa hiyo swali ni nani anaamua pale mkataba uliponyamaza. Kurasa za kwanza kuandikwa ziwe za hayo: nani anakutana na nani, kila baada ya muda gani, bei zinapitiwa upya vipi, na mkishindwana suala linapelekwa kwa nani.

Tazama jambo ambalo hakuna mkataba uliolitaja: tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin, kampuni ya vipuri vya magari, kilichoko Kariya, Japani, kiliungua. Humo ndimo zilimokuwa zikitengenezwa karibu valvu zote za breki za aina fulani zilizotumiwa na Toyota, na kwa utaratibu wa Toyota wa kutolimbikiza vipuri, zilizokuwa ghalani zilikuwa za kutosha muda mfupi tu. Uzalishaji ukasimama. Aisin ikagawa michoro yake, na kampuni nyingine zikaanza kuzitengeneza valvu hizo, hata Brother inayojulikana kwa cherehani, bila kwanza kuketi kubishania malipo wala haki za michoro. Ndani ya takriban wiki moja magari yalikuwa yakitoka tena.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kama hadithi ya moyo mwema, nami hapo huwa nakunja uso. Kutegemea kiwanda kimoja kwa kipuri kile lilikuwa kosa. Na waliojitokeza kusaidia walikuwa wameuziana vipuri kwa miaka mingi, wakijua kesho watauziana tena. Wema wao ulikuwa na hesabu ndani yake, na sioni ubaya.

Dhana: "Ripoti yote kijani, basi mambo ni shwari."

Tikiti maji nalo ni kijani, mpaka ulikate. Mkataba unasema kila tatizo la kompyuta litatuliwe ndani ya saa 4. Zikifika saa 3 na dakika 50, fundi anaandika "limetatuliwa" na kulifunga. Mhasibu ambaye bado hawezi kuingia kwenye mfumo anapiga tena, linafunguliwa kama tatizo jipya, saa inaanza sifuri. Mwisho wa mwezi ripoti inaonyesha matatizo mawili, yote yametatuliwa kwa wakati, wakati mhasibu wako amekesha akijaza malipo kwa mkono. Au chukua ahadi ya mfumo kupatikana kwa asilimia 99.9: kwa mwezi wa siku 30 inaruhusu kama dakika 43 za kuzimika. Zikiangukia saa tisa usiku hakuna atakayejua. Zikiangukia siku ya mshahara, utaitwa kikaoni. Waulize wanaoitumia huduma kila siku, ndipo uisome ripoti.

Dhana: "Kazi nikishaitoa, si yangu tena."

Boeing ilipounda ndege ya 787 iliwapa wengine si utengenezaji tu bali hata sehemu kubwa ya usanifu. Ndege ya kwanza, iliyotarajiwa kukabidhiwa mwaka 2008, ilifika kwa mteja Septemba 2011. Njiani humo, mwaka 2009, Boeing ililazimika kununua shughuli za kampuni ya Vought huko South Carolina, Marekani, zilizokuwa zikitengeneza sehemu ya kiwiliwili cha ndege hiyo. Ukitoa kazi, bakiza ndani angalau mtu mmoja anayeijua kiasi cha kutambua inapoharibika.

Dhana: "Washirika wazuri hawagombani."

Wanagombana, tena mapema, kabla jambo halijaoza.

Dhana: "Kuzungumzia kuachana mwanzoni ni nuksi."

Hapo ndipo pa kuyazungumza, wakati kila upande bado unamtaka mwenzake. Data ni za nani, nywila za msimamizi wa mfumo zinakaa wapi, makabidhiano yatachukua miezi mingapi na kwa malipo gani. Anayejua kuwa anaweza kuondoka salama haoni kila ankara kama kamba shingoni. Kama mkataba wako tayari unaendelea, omba leo orodha kamili ya nywila hizo, kisha uhesabu itachukua siku ngapi kuletwa.