Bahari hujaa na kupwa: dhana potofu za watoto wa Dodoma, na ukweli wake

Mtoto aliyekulia Dodoma anajua kwamba maji huongezwa na mvua na kumalizwa na kiangazi. Akiambiwa bahari ya Dar es Salaam hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, huipima kwa kipimo hicho. Mzazi au mwalimu aanzie hapo.

Dhana: Maji yakipwa, yamekauka.
Hayajakauka, yamesogea. Pwani yetu ikiwa imekupwa, kwingine bahari imejaa. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50.

Dhana: Ni upepo.
Upepo huleta mawimbi. Kujaa na kupwa husababishwa na mvuto wa mwezi, na jua huchangia kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi.

Dhana: Maji hujaa upande unaotazama mwezi tu.
Hapa hata watu wazima hukwama, kwa hiyo msiharakishe. Wapange watoto watatu mstari mmoja uwanjani. Wa mbele ni maji yaliyo karibu na mwezi, wa katikati ni dunia, wa nyuma ni maji ya upande wa pili. Wote waende kuelekea mwezi: wa mbele hatua tatu, wa katikati mbili, wa nyuma moja, kwa sababu mvuto hupungua kadiri unavyokuwa mbali. Sasa nafasi imeongezeka mbele ya dunia na nyuma yake pia. Bahari nayo huvimba pande zote mbili, na dunia ikijizungusha, pwani moja hupitia vimbe zote mbili.

Dhana: Basi hata bwawa la Mtera hujaa hivyo.
Mtera hujazwa na mito, hasa Ruaha Mkuu. Bwawa ni dogo mno: mwezi hulivuta karibu sawa upande huu na ule. Hata Ziwa Victoria, mvuto huo hulibadilisha kwa sentimita chache tu.

Dhana: Mtoto wa bara hawezi kuifuatilia bahari.
Hii naipinga kwa moyo wote, maana mwezi wa Dodoma ndio huohuo wa pwani, na kiangazi anga letu huwa jeupe. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja, na siku moja au mbili baadaye pwani hupata bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Dar es Salaam tofauti ya kujaa na kupwa huweza kuzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yaani tofauti hiyo huwa ndogo. Mwacheni mtoto autazame mwezi na kubashiri, kisha mpigieni simu ndugu aliye Bagamoyo au Tanga amweleze maji yamefika wapi.